Mmea Uliopona Haraka

Vijana wa maabara yetu ya Houston waliniomba niandike machache kabla sijasahau. Nadhani walichotaka hasa ni maelekezo ya ile darubini ya zamani isiyomsikiliza mtu mwingine ila mimi. Hayo nimeyabandika ubavuni mwake, yasomeni. Haya mengine ni ya siku ambayo jaribio limekukatalia na huna wa kumweleza. Vyeo sitavigusa. Anayevitaka atavikuta kwenye wasifu wangu, na hata humo havijazi ukurasa.

Nilifika Texas nikiwa nimemaliza shahada ya uzamivu Ulaya, baada ya kufundisha kidogo Morogoro. Nilikuja kufanya postdoc katika maabara moja ya upande wa Dallas na Fort Worth. Postdoc ni mtu aliyekwisha kusoma shahada zote zilizopo lakini bado hana maabara yake, hivyo anafanya utafiti katika maabara ya mwenzake kwa mkataba mfupi, na kila mkataba unapokaribia kwisha anajifunza upya kusali.

Mwenye maabara alikuwa Profesa Harlan, mama mrefu, mtoto wa wakulima wa pamba kutoka magharibi ya jimbo. Siku yangu ya kwanza nilivaa suti. Aliangalia viatu vyangu, akaniuliza kama naendesha gari. Nikasema bado. "Basi panda langu," akasema, "twende tukanunue spinachi."

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Tulisimama dukani tukichagua mafungu, akinionyesha jani linalofaa: lisiwe limelala, lisiwe na jasho ndani ya mfuko. Tuliporudi tuliyakatakata, tukayasaga kidogo sana katika maji ya chumvi yaliyopoa kwenye barafu, tukachuja kwa kitambaa, tukazungusha kwenye mashine mpaka kijani kikakaa chini ya kichupa. Kijani kile ni kloroplasti, vile vifuko vidogo ndani ya seli za jani ambamo mmea hutumia mwanga kujitengenezea chakula. Ukichelewa vinapasuka. Ukiacha vipate joto vinakufa. Profesa hakuwa mtu wa hotuba. Alisema, "Baridi, giza, haraka," akaniachia mafungu mengine nirudie peke yangu. Suti yangu haikusafika tena.

Sehemu kubwa ya kazi yetu ilifanyika gizani. Jani haliwezi kupimwa likiwa limetoka juani tu. Lazima lipumzike kwanza, nawe upumzike nalo, umekaa kwenye kiti cha chuma katika chumba kisicho na dirisha, ukisubiri kulimulika kidogo na kuona linarudisha mng'ao kiasi gani. Kutokana na mng'ao huo unajua kama lina afya. Watu huniuliza nilifikiria nini humo ndani. Nilifikiria Morogoro. Baadaye nikazoea, nikawa sifikirii kitu.

Nilipanga chumba Grand Prairie, mji wa jirani, kwa mama mmoja Mkongo, Mama Furaha, aliyefanya kazi ghalani akifunga mizigo. Tulikuwa tunapishana jikoni. Siku moja alinisimamisha.

"Sasa weye, kazi yako njo gani? Kuangalia majani siku mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile majani inakuambiaka nini?"

"Bado hayajasema."

Alinitazama kwa huruma, akaniongezea sombe, kisamvu chao, kwenye sahani.

Mtu pekee wa kuzungumza naye maabarani kwa lugha yangu alikuwa Mutiso, Mkenya wa Machakos, aliyenitangulia pale. Mke wake, Ndinda, na watoto wao walikuwa bado Kenya wakisubiri apate kazi ya kudumu ili wamfuate. Mutiso ndiye aliyenifundisha kuchavusha kile kimmea chetu, mdogo wake kabichi, ambacho watafiti wa mimea dunia nzima hukitumia kwa sababu hakina haja ya shamba. Ua lake ni dogo kuliko punje ya mchele. Unalifungua kwa kibano, unatoa sehemu za kiume kabla hazijakomaa, unapaka chavua ya mmea mwingine, na wakati wote huo hupumui.

"Dada, usishike kibano kama jembe," alikuwa akiniambia. "Na hiyo Kiswahili yako ya radio, punguza. Sema tu 'nimeharibu.'"

"Nimeharibu."

"Sasa uko sawa."

Tulikula mchana pamoja kwenye benchi ndani ya nyumba ya vioo, katikati ya mimea ya watu wengine. Alileta chapati alizopika mwenyewe, ngumu kweli, nami nilileta wali wa jana. Alinisimulia watoto wake, yupi ameng'oka jino, yupi amegombana na mwalimu. Nilianza kuwajua watoto ambao sijawahi kuwaona. Nikimaliza kula nilirudi gizani nikiwa na kitu cha kufikiria.

Sasa nije kwenye kisa kigumu, ambacho ndicho sababu ya kuandika.

Jua linalolisha mmea ndilo linalouharibu. Ndani ya kloroplasti kuna sehemu inayopokea mwanga na kupasua maji, nayo mwanga ukizidi inaharibika. Mmea huitengeneza upya kutwa nzima, siku zote za maisha yake. Mutiso alikuwa na mmea ambao jeni yake moja ilikuwa mbovu. Ukiupiga kwa mwanga mkali uliharibika kama wenzake, ila ulipona haraka kuliko wote. Tuliona wazi maana yake: jeni hiyo inapokuwa nzima hufanya kazi ya breki, inachelewesha matengenezo. Iondoe, na mmea unavumilia jua. Hebu fikiria mahindi ya namna hiyo, au maharage. Profesa aliijengea hoja hiyo maombi yake ya fedha za utafiti. Mutiso aliijengea hotuba ya kuombea kazi katika chuo kimoja cha jimbo jingine. Hoja iliwavutia, wakamwita kwa usaili.

Kilichobaki kilikuwa kipimo kimoja cha kufunga mjadala, na nilipewa mimi. Unachukua jeni nzima, unairudisha ndani ya ule mmea mbovu. Kama hadithi yetu ni ya kweli, breki inarudi na mmea unapona taratibu kama wengine. Ni kazi ya miezi mingi. Unachovya maua kwenye bakteria waliobeba jeni, unangoja mbegu, unapanda, unachambua, unapanda tena.

Nilipopima, mmea ulipona haraka vilevile.

Nilidhani nimekosea chupa. Nikapima ndugu zake wengine, wote wakapona haraka. Nikamwomba mwenzetu mmoja abandike namba kwenye vyungu ili nisijue upi ni upi, nikarudia kuanzia mwanzo. Jibu halikubadilika. Jeni ilikuwa imerudi, inafanya kazi, na haikuhusika kabisa. Kilichoponya ule mmea kilikuwa badiliko jingine, mahali pengine, ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta.

Uhakika huo niliupata asubuhi moja. Mchana nikaenda kwenye benchi letu, Mutiso akiwa ameshafungua chapati zake.

"Mutiso, nina jambo."

"Umepata kazi?"

"Nimerudisha jeni. Mmea bado unapona haraka."

Akaacha kutafuna. "Kwa mmea mmoja ama yote?"

"Yote niliyo nayo."

"Na label? Hujachanganya?"

"Nimerudia bila kujua majina."

Akaikunja chapati kwenye karatasi yake polepole, kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine. "Interview yangu ni wiki ijayo, dada."

"Najua."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Sijui. Nimekuja kwako kwanza."

Akainuka. "Wacha niende nioshe mikono," akasema. Sikumwona tena siku ile.

Kesho yake nilipofika nilimkuta amesimama mlangoni kwa Profesa. Alitangulia kuingia na yeye mwenyewe ndiye aliyeeleza yote, kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kuniachia neno. Mimi nilionyesha picha za vipimo tu. Profesa alizitazama moja moja, akarudi kwenye ya kwanza, akazitazama tena. Halafu akasema, "Tunaitoa hoja hiyo. Kwenye makala tunayoandika na kwenye maombi." Alituuliza kama tumekula. Hatukuwa tumekula. Akatupeleka mahali pa kambare wa kukaanga, tukakaa watatu mezani, na sikumbuki kama kuna aliyesema kitu zaidi ya kuomba chumvi.

Mutiso alikwenda kwenye usaili na hotuba nyingine aliyoiunganisha haraka. Hakupata kazi.

Tangu hapo alikula ndani ya gari lake. Hakununa wala hakunisema vibaya kwa mtu. Asubuhi alinisalimu kwa heshima zote: "Habari ya asubuhi, Daktari." Hilo Daktari liliniumiza kuliko tusi. Siku moja nilimfuata mpaka kwenye maegesho.

"Mutiso, kama nimekukosea niambie."

"Hakuna shida, Daktari. Si wewe."

Nilichukulia kwamba ananistahi tu. Nani angesema vinginevyo? Mimi ndiye niliyemjia na habari iliyowachelewesha watoto wake. Benchi la nyumba ya vioo nililiacha, nikawa nakula nimesimama kwenye korido. Mwaka uliofuata alipata kazi katika kampuni ya mbegu huko kaskazini. Siku aliyoondoka nilikuwa chumba cha giza na majani yangu. Nilipotoka, meza yake ilikuwa imefutwa.

Maombi ya Profesa hayakufaulu. Alianza kufunga maabara mwenyewe, chumba baada ya chumba, akigawa vifaa kwa majirani. Nilimsaidia kupanga mbegu kwenye visanduku, naye akaniruhusu nichukue za ule mmea. Tukiwa tumepiga magoti sakafuni akaniambia, "Usijizoeze kula peke yako. Mimi nilijizoeza." Kisha akaniuliza kama nimeona mkasi. Alifariki miaka michache baadaye, nami nilisikia habari hizo mazishi yakiwa yamekwisha.

Houston nilikuja kwa mkataba mwingine mfupi, na nikabaki mpaka nikastaafu. Nilipata nyumba Katy, nje ya jiji, kwa sababu ndiko nilikoambiwa watu wanakotulia. Sikuambiwa kwamba barabara ya kutoka huko itakula nusu ya utu uzima wangu. Kazi nyingine za miaka hiyo mnazijua: vyumba vya kuoteshea, darubini, wanafunzi wanaoogopa kuuliza. Mnajua pia habari ya ile gharika, umeme ulipokatika na vyumba vikaanza kupata joto, tukapandisha trei kwa ngazi, mikono kwa mikono, na maji yamefika mlango wa chini. Hilo nalisema kwa sababu moja tu. Ndiyo siku pekee ya kazi niliyorudi nyumbani bila kuhisi kimya cha nyumba. Nilichoka pamoja na watu.

Sikuwa na mpango wa kuishi peke yangu. Ilitokea tu, kidogo kidogo, mtu anasubiri jaribio liishe. Jumapili nyingine nilikwenda Pearland, kusini mwa jiji, kwenye mikusanyiko ya Watanzania. Wengi ni wauguzi na watu wa hospitali, watu wema mno. Nikisema nafanya kazi maabara, mtu ananiletea majibu yake ya damu nimsomee. Nikisema nashughulika na majani, mazungumzo yanahamia kwenye mboga. Watoto wao waliniamkia kwa Kiswahili walichosukumiwa na mama zao, kisha wakaniuliza, "Auntie, so you talk to plants?" Nikawaambia ndiyo. Mama yangu alifariki Morogoro karatasi zangu za ukaazi zikiwa bado hazijatoka, sikuweza kusafiri. Nilisikiliza mazishi kwenye simu. Baadaye nikaenda kazini, maana mimea ilitaka maji na sikujua pengine pa kwenda.

Zile mbegu nilizitafiti pembeni, katika nafasi zilizobaki kati ya kazi za watu. Nilichavusha, nikachambua, nikachavusha tena, mpaka nikalipata lile badiliko lililojificha. Ni kweli liliponya mmea haraka. Pia liliufanya uzae mbegu chache kiasi kwamba hakuna mkulima ambaye angeutaka shambani. Niliandika makala fupi, ikatoka katika jarida ambalo halisomwi na wengi. Jina la Mutiso nililiweka kati ya waandishi, kwa kuwa mmea aliugundua yeye. Nilimtumia rasimu aipitishe. Alijibu kwa Kiingereza, mstari mmoja: amekubali, asante.

Niliusoma mstari huo mara nyingi kuliko ulivyostahili.

Nimestaafu majuzi. Wiki chache baada ya ile keki mliyoniandalia, simu ililia, sauti ya mwanamke nisiyemjua.

"Ni Ndinda, mke wa Mutiso. Tumehamia Grand Prairie, karibu na msichana wetu. Mzee naye amestaafu."

"Hamjambo, mama?"

"Hatujambo. Anauliza uko wapi kila siku, na kupiga simu hataki. Nimechoka kuulizwa. Si ukuje?"

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Njia nzima niliandaa namna ya kuomba radhi kwa jambo ambalo sikuwahi kuona kosa langu ndani yake. Nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba chini ya paa la veranda, nywele nyeupe, miwani minene. Ndinda alitukaribisha chai akatuacha.

"Umezeeka vizuri," akasema.

"Na wewe."

"Usinidanganye." Akatazama uzio kwa muda. "Ile makala yako ya Houston niliisoma. Uliweka jina langu."

"Mmea ulikuwa wako."

"Sikufaa kuwekwa. Ile siku ulikuja pale benchi, unakumbuka nilikuuliza nini?"

"Kama nimechanganya lebo."

"Nilikuwa najua hujachanganya. Mimi nilikuwa nimeiona kabla yako." Alivua miwani akaishika mapajani. "Nilikuwa nime-cross ule mmea na wa kawaida kwa chavua. Watoto wake wakatoka ovyo. Wako wenye jeni mbovu hawakupona haraka, na wako wenye jeni nzima wakapona. Niliona, nikaelewa. Nikajiambia ni taa za kile chumba, haziko sawa. Nikatupa mbegu, nikaendelea kuandika hotuba."

Nilizungusha kikombe cha chai mkononi.

"Nilidhani ulinikasirikia," nikamwambia.

"Nikukasirikie kwa nini? Nilikuwa siwezi kukuangalia. Wewe ulijua asubuhi, mchana ukaja kuniambia. Mimi nilikaa nayo miezi, nikila na wewe kila siku."

"Ukaanza kuniita Daktari."

"Ningekuita dada na uso gani?"

Hasira yake nilikuwa nimeizoea. Niliishi nayo miaka yote, nikaipa nafasi yake, hata nikaiona ni ya haki. Sasa naambiwa haikuwepo. Niliwaza ile korido niliyokula nimesimama, na maabara nyingine ambako sikumzoea mtu wa kula naye mchana kwa kuogopa kwamba siku moja nitamletea jibu baya. Hapo ndipo nilipokasirika mimi, kwa mara ya kwanza, chai ikiwa mkononi.

"Mutiso, ulikuwa mtu pekee niliyezungumza naye."

"Najua."

"Hujui."

Akakubali kwa kichwa. Tulisikia Ndinda ndani akiongea na mjukuu, yeye kwa Kikamba, mtoto kwa Kiingereza. Kisha Mutiso akauliza, bila kunitazama, "Kama ningekuambia wakati ule, ungefanya nini?"

Nilifikiri kwa uaminifu, maana alistahili jibu la kweli. "Ningekuambia tupande upya, tuangalie pamoja."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akarudisha miwani usoni, ikamchukua muda.

Ninyi mliobaki maabarani, jaribio likiwavunjia hadithi, mwambieni mwenzenu siku ileile. Sayansi itajirekebisha hata mkinyamaza, kuna mtu mahali fulani ataupima tena ule mmea. Ila mtu aliyekuwa akila na wewe hakuna atakayekurudishia.

Alinisindikiza hadi kwenye gari. Akaniuliza kama njia ya Houston bado inatengenezwa, nikamwambia haijawahi kuacha kutengenezwa. Alisimama pale kando ya barabara mkono ukiwa juu ya paa la gari, hataki kuuondoa, nami sikuwasha injini. Jumamosi ijayo nakwenda tena. Sijajua kama nimemsamehe. Nadhani hilo tutalijua tukiwa tumekaa.